Vipande Viwili vya Kushoto

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, Twiga aliamshwa na harufu ya mkate. Si kwamba nyumbani kwao mkate ulikuwa wa kumwaga. Harufu hiyo iliingia na mama mkubwa, dada yake mama, ambaye alikuwa mwoka mikate wa zamu ya usiku. Alirudi na unga kwenye nyusi, akavua viatu mlangoni, akasema kwa sauti ya uchovu, "Haya, mrefu wangu, amka. Shingo imeshafika shuleni, mwili bado umelala."

Twiga halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata darasani baada ya kurefuka ghafla, kana kwamba kuna mtu alikuwa akimvuta miguu usingizini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, na sketi yake ya shule ilikuwa juu ya magoti ingawa pindo lilishafunguliwa lote. Jina likamkaa, hata walimu wakalitumia. Alikuwepo mtu mmoja tu asiyelijua jina hilo, na hilo ndilo lililomuuma: mama yake. Mama aliondoka kabla Twiga hajawa twiga.

Mama alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara. Alikwenda huko baada ya baba kufariki, kwa kuwa mtoto hali machozi. Kambi ile haikukaa mahali pamoja. Barabara iliposogea, kambi nayo ilisogea, na masufuria ya mama yakasogea. Watu wengine walifurahi kusikia barabara inarefuka. Twiga hakufurahi hata kidogo. Kwake yeye, kila kipande kipya cha lami kilikuwa kinampeleka mama mbali zaidi.

Jumapili jioni mama alipiga simu kwa mama mkubwa, mtandao ukikatikakatika. "Umekula? Unasoma? Unamsaidia mama mkubwa?" Twiga alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku jambo lenyewe alilotaka kusema limemkwama kooni. Mwaka uliopita mama alisema angekuja siku ya kufunga shule. Twiga akakaa kizingitini tangu asubuhi mpaka giza likaingia. Mama hakuja. Wala hakupiga simu siku ile, wala wiki zilizofuata. Alipopiga tena aliuliza, "Umekula? Unasoma?" kana kwamba hakuna kilichotokea. Twiga naye hakuuliza. Mtoto anaanzaje kumwambia mama yake kwamba amekosa?

Sasa mama alikuwa amesema tena kwamba angekuja siku ya kufunga shule. Twiga aliamini na hakuamini. Kwenye sanduku lake kulikuwa na kitambaa cha bluu chenye maua ya njano. Mama alimwachia siku ya kuondoka, akamwambia, "Hiki utashonewa gauni. Nikirudi nikukute umelivaa." Siku ambazo hamu ya mama ilimzidi nguvu, Twiga alifungua sanduku akazamisha uso wake kitambaani, akanusa. Harufu ya mama ilishatoka zamani, ilibaki ya sanduku tu, lakini alinusa hivyo hivyo.

Basi mwalimu wa ushoni alipotangaza kwamba kila mwanafunzi alete kitambaa, ashone vazi lake kabla ya shule kufungwa, Twiga alihisi moyo wake unaruka. Gauni litashonwa! Mama akija, atamkuta amelivaa.

Chumba cha ushoni kilikuwa mwisho wa jengo. Cherehani zake zilikuwa za kukanyaga kwa miguu, nzee, moja imefungwa mkanda kwa uzi, nyingine ikilia kama panya aliyebanwa mlangoni. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia. Mwalimu alikuwa mama mnene, mpole, mwenye miwani, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Wanafunzi walimwita Mwalimu Futi. Alijua, akajifanya hajui.

Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: "Mkasi ukiwa mkononi, midomo ifungwe." Wala haikuwa sheria mbaya. Mkasi ule mkubwa ulikuwa mkali, na vidole havichipui vikikatwa.

Zamu ya Twiga ilipofika, Mwalimu Futi alikipima kitambaa, akampima Twiga, akacheka. "Kitambaa hiki kilinunuliwa kwa ajili ya mtoto mfupi. Wewe umekwenda kusalimiana na mawingu! Kwa kawaida tunakikunja, tunakata pande mbili kwa pamoja. Hiki tukikikunja hakitoshi. Nitakitandaza, nikate kipande kimoja kimoja, tena nikate mwenyewe. Wewe shika hapa, kisiteleze."

Gauni lilikuwa la kufungwa vifungo kifuani, kwa hiyo sehemu ya mbele ilihitaji vipande viwili, cha kushoto na cha kulia. Mwalimu aliweka kigezo cha karatasi juu ya kitambaa, akakizungushia chaki. Kipande cha kushoto hicho. Alipokuwa akisogeza karatasi, mlinzi wa shule akachungulia dirishani. "Mwalimu, ufunguo wa stoo unatafutwa kama dawa!" Mwalimu Futi akaenda, akabishana naye kidogo, akarudi akihema. Akaiweka karatasi mahali pengine, akachora tena.

Twiga akatazama. Karatasi ilitakiwa kugeuzwa kabla ya kuchora mara ya pili, nayo haikugeuzwa. Vipande vyote viwili vilitazama upande mmoja, kama ndara mbili za mguu wa kushoto. Tena kitambaa chenyewe kilikuwa na rangi upande mmoja tu. Nyuma kilikuwa cheupe, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kukigeuza.

Alifungua mdomo. Mwalimu akainua mkasi. Twiga akaufunga mdomo. "Labda ana maarifa yake," akajiambia. "Mimi nani nimfundishe mwalimu kukata?" Mkasi ukaingia kitambaani, kwaa, kwaa, kwaa.

Kipindi kilichofuata mwalimu alivichukua vile vipande, akaanza kuvibana kwa pini mwilini mwa Twiga mbele ya darasa, ili aonyeshe namna mishono inavyokutana. Kipande cha kwanza kilikaa vizuri. Cha pili kikakataa. Shimo la mkono lilikuja kifuani, sehemu ya vifungo ikaenda kwapani. Mwalimu akakigeuza hivi, akakigeuza vile. Darasa likaanza kunong'ona. Uso wa mwalimu ukabadilika.

"Twiga!" akasema kwa ukali ambao hawakuuzoea. "Si nilikuambia ukishike vizuri kitambaa? Umekigeuza nikiwa dirishani! Sasa tazama ulichofanya."

"Mimi, mwalimu?"

"Wewe, ndiyo. Nani mwingine alikishika? Haya, kaa chini."

Twiga akakaa, mashavu yakimwaka. Kuna maumivu mawili duniani yanayofanana: kupoteza kitu unachokipenda, na kuambiwa umekipoteza mwenyewe. Yeye alipata yote mawili kwa mpigo. Kitambaa cha mama kimekatwa, hakitarudi kuwa kizima, na siku za kufunga shule zinahesabika.

Wakati wa mapumziko, mwenzake wa dawati moja, Kengele, alimfuata nyuma ya darasa. Kengele aliitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake. Akinong'ona, shule nzima inasikia.

"Amekusingizia, bwana! Mimi niliona kwa macho yangu. Kachora vyote upande mmoja." Akaning'iniza mkanda wa begi shingoni kama futi, akatembea akiyumba, mkono wa kulia ameuficha nyuma. "Mimi ni Mwalimu Futi! Sina mkono wa kulia, nina miwili ya kushoto!"

Watoto waliokuwa karibu wakacheka, wakasogea. Twiga alikuwa na hasira, na hasira ikipata wasikilizaji hunoga. Akasema, "Si mikono tu. Akienda dukani, ananunua viatu vya mguu mmoja!"

Kicheko kikalipuka. Kisha kikazimika ghafla, kama moto uliomwagiwa maji. Twiga akageuka. Mwalimu Futi alikuwa amesimama kwenye kona ya jengo, vile vipande viwili vya bluu vikiwa mkononi mwake. Labda alikuwa anakuja kumwona Twiga, labda anapita tu. Hakugomba. Alitazama chini, akarudi alikotoka.

Kengele akanong'ona, na wote wakasikia, "Tumekwisha."

Siku ile Twiga alirudi nyumbani akiburuta miguu. Mama mkubwa alikuwa ameshaamka, anakunja nguo kabla ya kwenda kazini. Alimtazama mara moja tu. "Uso huo una habari. Utanipa mwenyewe au niufinyange kama donge la unga?"

Twiga akamsimulia yote, machozi yakimtoka: chaki, mkasi, kusingiziwa. Alipofika kwenye habari ya viatu vya mguu mmoja, sauti ikawa ndogo sana.

"Basi umekosewa," alisema mama mkubwa, "na wewe umekosea. Tusichanganye, maana kila kimoja kina dawa yake." Akaweka shuka chini. "Nikwambie kitu cha kazini kwetu. Msimamizi wetu wa zamu aliwahi kusahau hamira. Alikuwa na mgonjwa nyumbani, kichwa hakikuwepo. Mwenzetu mmoja akaona donge haliumuki, akapiga kelele mbele ya watu wote, 'Jamani, leo tunauza matofali!' Tukacheka mbavu hatuna. Unajua msimamizi alifanya nini?"

"Alitia hamira?"

"Thubutu! Aliona haya, akang'ang'ania kwamba ametia. Tukaoka. Na kweli yakatoka matofali. Yule bwana alijua amekosea, mwanangu, ila tulishamfungia mlango wa kurudia. Siku nyingine akasahau chumvi. Mimi nikamfuata kando, nikamwambia, 'Mkubwa, hebu onja hili donge, leo siuamini ulimi wangu.' Akaonja, akanyamaza, akatia chumvi. Mkate ukatoka mtamu, na heshima yake ikabaki kichwani kwake."

Twiga akafuta pua. "Kwa hiyo na mimi nimwambie siamini macho yangu? Lakini nayaamini."

Mama mkubwa akacheka. "Umenishika hapo. Mimi nilizunguka kwa sababu nilimwogopa. Wewe usizunguke. Sema ulichokiona, jinsi ulivyokiona. Ila usimwambie yeye ni mtu wa namna gani, maana hilo hujaliona. Na umwambie mkiwa wawili."

"Na asiponisikiliza?"

"Tutakwenda kwa mwalimu mkuu, mimi na wewe, na unga wangu kwenye nyusi. Hutaubeba mzigo huu peke yako. Lakini mlango wa kwanza kubishwa ni wa mwalimu mwenyewe." Akamwinua kidevu. "Ulipoona chaki inakosea, ungeweza kusema, 'Samahani mwalimu, naomba tutazame tena.' Heshima si utumwa, mwanangu. Kumwachia mkubwa wako akaanguka shimoni huku unaliona shimo, hiyo nayo si heshima."

Usingizi ulikawia kumjia Twiga. Alimkumbuka mama. Alitamani mama awe pale kitandani, amkune mgongo, amwambie aseme nini na aanzie wapi. Alitamani hata kumsikia akisema "Umekula?" tu. Lakini haikuwa Jumapili.

Kesho yake alifika shuleni mapema. Mwalimu Futi alikuwa peke yake kwenye chumba cha ushoni, anatia mafuta ile cherehani inayolia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Twiga akasimama karibu na meza. "Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha. Jana nilisema maneno mabaya juu yako ili watu wacheke. Hukustahili. Nisamehe."

Mwalimu aliacha kutia mafuta. "Nimekusamehe," alisema kwa upole, lakini kama mtu anayesubiri zaidi.

"Na kuna jambo la pili." Twiga akaonyesha meza ya kukatia. "Siku ile sikukigeuza kitambaa, mwalimu. Nilikishika vilevile. Uliporudi kutoka dirishani ulichora tena na karatasi ilikuwa haijageuzwa. Niliona. Naomba tuvitazame vile vipande pamoja."

Mwalimu Futi alikwenda kabatini, akatoa vipande, akavilaza mezani. Akaweka karatasi juu ya kimoja, kisha juu ya cha pili bila kuigeuza. Ikakaa sawasawa kwenye vyote. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sina haja ya kupima, Twiga. Nilijua palepale nilipokuwa nakubana pini. Moyo uliniambia, 'Ni wewe mwenyewe.' Lakini darasa zima lilikuwa linanong'ona, na mdomo ukakimbilia kwako kwa kuwa ulikuwa karibu. Tangu hapo chakula hakipiti. Jana hiyohiyo nilikuja kutaka kukuambia, ndipo nikayasikia ya viatu." Akatabasamu kwa huzuni. "Nilisema moyoni, nimepata changu. Nikarudi nyuma. Nilikuwa mwoga mara mbili. Nisamehe, binti yangu."

Twiga hakujua kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mtoto msamaha, na tena akabaki mtu mzima. Akaitikia kwa kichwa.

"Lakini mbona hukuniambia kabla sijakata?"

"Ulikuwa umeshika mkasi, mwalimu."

Mwalimu Futi akamtazama, kisha akajipiga kofi pajani. "Ala! Sheria yangu mwenyewe!" Akacheka mpaka futi ikatikisika shingoni, na Twiga naye akacheka, machozi na kicheko vikichanganyika usoni.

Kisha Twiga akamweleza kitambaa kile kilikuwa cha nani, na kwa nini gauni lilitakiwa siku ya kufunga shule. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema "usijali." Alipapasa ukingo wa kitambaa kwa vidole, akasema, "Kitambaa cha mama hakinunuliki. Basi tutumie kilichopo."

Darasa lilipoingia, Mwalimu Futi alisimama mbele, akainua vipande viwili ili kila mtu aone. "Jana nilimwambia Twiga kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Si kweli. Niliharibu mimi, nikamtupia yeye, na hilo la pili ni baya kuliko la kwanza. Nimemwomba msamaha, na sasa namwomba mbele yenu, kwa kuwa nilimwaibisha mbele yenu. Na sheria yetu naibadilisha. Midomo itafungwa mkasi ukiwa mkononi, isipokuwa mtu akiona kosa. Huyo aseme 'Simama, mwalimu,' nami nitasimama."

Kengele akanyoosha mkono. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Mwalimu, na mimi naomba radhi. Mimi ndiye niliyeigiza."

"Nilikuona. Uliniigiza vizuri mno, hasa kutembea. Leo utafagia vipande vyote vya sakafuni ukitembea hivyohivyo." Darasa likacheka, na safari hii mwalimu alicheka nao.

Gauni lilishonwa upya. Kipande cha mbele cha kulia mwalimu alikikata kutoka kwenye kitambaa cha njano kitupu kilichokuwa kimebaki kwake. Kile cha bluu kilichokosewa hakikutupwa. Walikikatakata, wakapata kola, mfuko na mikunjo ya mikono, ili maua yazunguke pande zote. Twiga alishona mwenyewe, akafumua, akashona tena. Mara moja aliona mwalimu anataka kukata mfuko ambao maua yake yamepinduka vichwa chini. "Simama, mwalimu," alisema. Mwalimu akasimama, akatazama, akageuza kitambaa. Hapakuwa na lililoharibika, wala hakuna aliyeaibika.

Siku ya kufunga shule ikafika. Twiga alivaa gauni lake, akasimama barabarani mbele ya nyumba. Asubuhi ikapita. Jua likapanda utosini, likaanza kushuka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake lilishaanza. Mama mkubwa alitoka mara kadhaa, akamchungulia, akarudi ndani. Kila gari lililotokea Twiga alilikazia macho mpaka likapita.

Jioni lori la kampuni ya barabara likasimama mbali kidogo. Akashuka mwanamke aliyejaa vumbi, na mfuko begani. Alitembea haraka, macho yakitafuta. Yalimfikia Twiga, yakampita, yakaenda mlangoni, yakarudi chini, kwenye kimo ambacho mtoto wake alikuwa nacho siku ya kuagana. Alikuwa anatafuta mtoto mfupi.

"Shikamoo, mama," alisema Twiga.

Mwanamke akasimama. Akamtazama kuanzia miguuni, akapanda polepole, magotini, kwenye maua ya njano, mpaka usoni. Mfuko ukadondoka. "Ni wewe? Mwanangu, ni wewe? Nimekupita!" Akamkumbatia, akalia kwa sauti njiani, bila kujali wapita njia. "Nimempita mtoto wangu mwenyewe!"

Mama mkubwa alipokwenda kazini, wawili hao walibaki chumbani, wamekaa kitandani. Mama alilishika gauni, akauliza mbona upande mmoja una maua na mwingine hauna. Twiga akamsimulia kisa chote, akacheka palipochekesha. Mama naye akacheka. Kisha Twiga akaketi wima. Alikumbuka ile asubuhi kwenye chumba cha ushoni.

"Mama, kuna jambo nataka kukuambia. Nimengoja tuwe wawili."

"Sema, mwanangu."

"Mwaka jana ulisema utakuja. Nilikungoja, hukuja. Na hukupiga simu. Ulipopiga, hukusema chochote. Mimi niliumia, mama."

Mama aliiangalia mikono yake iliyokauka kwa moto na maji ya vyombo. "Ningeweza kukuambia msimamizi alininyima ruhusa siku ya mwisho, na ni kweli alininyima," alisema. "Lakini simu hakuninyima. Niliogopa kukusikia ukilia. Kila siku nikasema nitapiga kesho, na kila kesho aibu ikaongezeka. Halafu nikajifanya hakuna kitu, nikidhani umesahau. Hapo nilikosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama."

Mama akamvuta, kichwa cha Twiga kikalala mapajani, miguu ikaning'inia nje ya kitanda. "Sikia, mwanangu. Sisi wakubwa tunakosea, walimu, wazazi, wasimamizi, wote. Mkubwa wako akikosea, usimcheke mbele za watu, wala usimnyamazie ukamnunia moyoni. Mfuate umweleze ulichokiona na kilichokuuma, kwa adabu, bila kuogopa kweli. Anayenijia hivyo na kosa langu, najua bado ananitaka. Ungeendelea kunijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo kwenye simu, ningekupoteza huku nakusikia." Akapangusa macho. "Nikirudi kambini sitakuahidi siku nisiyo na hakika nayo. Nikijua nitasema. Nisipojua, nitapiga simu niseme sijui."

Twiga akatikisa kichwa kukubali. Alijua mama angeondoka tena, na kwamba angemkumbuka tena, labda kuanzia kesho kutwa. Hilo lilimuuma bado. Lakini kile kitu cha kooni hakikuwepo.

"Sasa nieleze," mama alisema, akimpapasa nywele. "Ile siku uliyoningoja. Nieleze yote, usinipunguzie."

Na Twiga akamweleza, kuanzia asubuhi.